Mtoto wa miezi 5, kisogo kimelala upande wa kulia. Wifi anataka tumvalishe helmeti

mama_tabata (Januari 6)

Habari zenu wapendwa. Uzi utakuwa mrefu kidogo, nivumilieni, maana hili jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Nina mtoto wa kiume, ndiye wa kwanza, ana miezi mitano na wiki moja. Alizaliwa kwa upasuaji mwishoni mwa Julai, kilo 3.1, na kliniki kila mwezi uzito unapanda. Jumapili moja kabla ya Krismasi wifi yangu aliyeko Houston, Marekani, akapiga simu ya video. Nilikuwa namwogesha mtoto kwenye beseni, simu nimeiegemeza kwenye ndoo. Tunaongea, tunacheka, mara wifi akanyamaza. Kisha akasema, "Wifi, hebu mgeuze nione kisogo." Nikamgeuza. "Sasa inua simu, nimwone kutoka juu."

Nywele zilikuwa zimelowa, zimelala kichwani, na hapo ndipo na mimi nikakiona kitu ambacho nilikuwa nakipitishia mkono kila siku. Kisogo upande wa kulia kimebonyea, kimekuwa kama papai lililolazwa upande mmoja tangu shambani. Sikio la kulia limesogea mbele kuliko la kushoto. Na paji la uso, upande huohuo wa kulia, limejitokeza. Tangu siku ile kila nikimtazama sioni macho yake, naona kichwa tu.

Nimekaa nikafikiri tumefikaje hapa. Mwanangu ni mpole sana, kila mtu alikuwa ananisifu. Ukimlaza chali anatulia, anatazama dirisha anacheza na vidole vyake. Kitanda kimesukumwa ukutani, dirisha liko kuliani kwake, feni pia iko kuliani. Likizo yangu ya siku 84 iliisha Oktoba, nikarudi kazini Kariakoo, dada anayenisaidia akawa anamlaza kwenye kona ya kochi ili apike. Mtoto asiyelia hanyanyuliwi. Hilo ndilo linaloniuma.

Kitu kingine, sijui kama kinahusiana: ziwa la kushoto ananyonya vizuri mpaka analala. Nikimhamishia la kulia anajipinda, analia, anaachia. Nilidhani maziwa ya upande huo hayatoki vizuri.

Sasa ushauri ninaopewa. Mamamkwe amekuja kutoka Tanga kunisaidia, ni mama mwema sana kwangu. Anamkanda kichwa asubuhi na jioni, mafuta ya nazi na kitambaa cha maji moto, kiganja kimoja kwenye paji, kingine kisogoni, anaminya taratibu huku bangili zake zinalia. Anasema watoto wake saba wote aliwachonga vichwa hivyohivyo. Mimi roho inanitoka kila anapominya, lakini nitamwambiaje?

Nesi wa kliniki alimtazama mara moja akasema akianza kukaa kitajirudi. Mume wangu anasema hivyohivyo.

Wifi yeye ametuma picha ya mtoto wa mwenzake kazini, kavaa helmeti ya bluu yenye vibandiko vya nyota. Anasema dola 2,800, yeye atatoa nusu, na kwamba tukichelewa fuvu likikomaa basi. Nusu yetu itatoka kwenye hela ya kiwanja cha Chanika tuliyoweka miaka miwili. Niko tayari kuitoa hata kesho kama ndiyo inayotakiwa. Ila anataka nimpime kichwa kwa futi kamba, nimtumie vipimo, helmeti itengenezwe huko, itumwe. Kuna mtu amepitia hili? Helmeti inafanya kazi kweli? Na ubongo wake je, unabanwa?

---

mama_wa_mapacha

Pole mpenzi. Wangu mmoja kati ya pacha alikuwa hivyohivyo, kwa sababu kila mmoja alikuwa na upande wake wa kitanda na kila mmoja anamtazama mwenzake. Nilikuwa nawabadilisha nafasi kila usiku. Sasa wana miaka minne, wako chekechea, vichwa vizuri kabisa. Tafuta pia ile mito midogo ya watoto yenye shimo katikati, inauzwa hukohuko Kariakoo. Usitoe hela ya kiwanja.

---

nimerudi_nyumbani

Dada, mimi mwanangu alivaa. Tulikuwa Leicester, Uingereza, mume wangu akisoma. Nitakueleza ilivyokuwa ili uamue ukijua.

Kwanza, hospitali za serikali kule hazitoi hizo helmeti kwa tatizo hili. Ni kliniki binafsi, sisi tulilipa zaidi ya pauni 2,000, kwa mafungu. Walimpiga kichwa picha ya kompyuta pande zote, ikatengenezwa kwa umbo lake yeye peke yake. Akaianza na miezi sita. Saa 23 kwa siku, inavuliwa wakati wa kuoga tu. Ndani kuna sponji ngumu, na kila baada ya wiki mbili au tatu tunarudi kliniki, yule fundi wa vifaa tiba anakwangua sponji sehemu fulani, milimita chache, ili kichwa kipate nafasi ya kukulia. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Helmeti iliyotumwa kwa ndege bila fundi wa kuikwangua ni kofia tu, na baada ya mwezi itaanza kumbana au kumchubua.

Jasho. Hilo nakuomba ulifikirie sana. Ilikuwa Oktoba, Uingereza, baridi, na bado asubuhi nikiivua inatoa harufu ya soksi iliyolowa, nywele zimeganda, nyuma ya masikio vipele vyekundu. Nilikuwa naisafisha kwa spiriti, naipepea na kitabu ikauke ndani ya ile saa moja. Sasa fikiria Tabata mwezi huu wa kwanza, umeme umekatika, feni haizunguki.

Alivaa miezi minne na nusu. Kichwa kilikaa vizuri zaidi, picha ninazo. Je, kingekaa vizuri bila helmeti? Nimejiuliza mara nyingi, maana miezi hiyohiyo ndiyo alianza kukaa, kutambaa na kulala anavyotaka. Siwezi kukudanganya kwamba najua. Wifi yako anakupenda, hilo linaonekana. Ila asiagize kitu kwa vipimo vya futi kamba.

---

baba_wa_kigamboni

Naomba niseme jambo tofauti na wenzangu, dada yangu, na sisemi kukutisha.

Kijana wangu kichwa kilikuwa kirefu na chembamba, ukimwona kwa juu kama ngalawa. Zahanati moja ya mtaani kwetu kila tukienda wanasema "kitajirudi". Tukaamini mpaka miezi minane. Mke wangu ndiye aliyekuwa anampaka mafuta, akaniambia kuna tuta katikati ya kichwa kutoka utosini kwenda kisogoni, gumu kama mfupa wa mkono. Tulipopata rufaa Muhimbili mpaka kwa madaktari wa upasuaji wa ubongo, wakatuambia yale maungio ya fuvu yameshikana kabla ya wakati. Kraniosinostosisi. Hiyo hairekebishwi kwa kugeuza mtoto wala kwa helmeti peke yake, ni upasuaji, na mapema ni rahisi zaidi kuliko kuchelewa. Alifanyiwa, yuko salama, anasumbua nyumba nzima.

Daktari alisema ni watoto wachache wanaozaliwa na hali hiyo, kama mmoja katika 2,000 au 2,500, kwa hiyo uwezekano mkubwa wako si huo. Lakini mtu wa kusema "si huo" awe amemshika kichwa kwa mikono yake. Kumtazama kwa mbali ukiwa na foleni ya akina mama 40 nje hakutoshi. Hilo ndilo ninalokuomba.

---

fizio_wa_watoto

Mama Tabata, pole na hongera, maana umeeleza vizuri kuliko barua nyingi za rufaa ninazopokea. Nafanya fiziotherapia ya watoto hapa Dar, mwaka wa 11 huu. Sijamshika mwanao, kwa hiyo ninayosema yapimwe na atakayemshika.

Nianze na lile ziwa la kulia, kwa sababu mimi nililisoma nikasimama hapo. Ukimpakata kawaida kwenye ziwa la kushoto, mtoto anageukia kulia kwake. Kwenye la kulia anatakiwa ageukie kushoto. Mwanao anatazama dirisha kulia, analalia kisogo cha kulia, na ukimlazimisha kwenda kushoto analia. Mimi nashuku shingo. Kuna msuli unaotoka nyuma ya sikio mpaka kwenye mfupa wa mtulinga. Wa kushoto ukikaza, kichwa kinainamia bega la kushoto huku uso unageukia kulia. Tazama picha zako za zamani za mtoto kwenye simu: kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto karibu kila picha? Halafu mlaze chali mapajani mwako, sogeza kitu anachokipenda polepole kwenda kulia, kisha kushoto. Kidevu kinafika begani pande zote mbili? Kama kinakomea njiani upande wa kushoto, umepata jibu la kwa nini kichwa kililala. Maziwa yako hayana tatizo.

Kuhusu alichosema Baba wa Kigamboni, yuko sahihi, hicho ndicho kitu cha kwanza kuondoa mashaka. Kuna dalili inayotutuliza kwenye maelezo yako. Kichwa kilichobonyezwa kwa kulaliwa, ukikitazama kutoka juu kinakuwa msambamba, ule wa hesabu za shule: kisogo cha kulia kimeingia, sikio la kulia limesukumwa mbele, paji la kulia nalo limesukumwa mbele. Yaani kila kitu upande ule kimesogea pamoja. Ungio la nyuma likiwa limeshikana, mara nyingi sikio la upande ule huvutwa nyuma, na kidole hukutana na tuta. Bado daktari wa watoto amshike.

Ubongo haubanwi kwa kulalia upande. Fuvu limebadilisha umbo, nafasi ya ndani ipo.

Sasa helmeti. Watu wanadhani inaminya kichwa kirudi. Haiminyi. Inagusa pale palipotokeza na kuacha uwazi pale palipobonyea, kichwa kikikua kinaelekea kwenye uwazi. Injini ni ukuaji wa mtoto mwenyewe. Mtoto anazaliwa na mzunguko wa kichwa wa takriban sentimita 35, miezi sita anakuwa karibu 43, mwaka mmoja karibu 46. Ukitazama hizo namba unaelewa kwa nini wifi anakuhimiza, na hapo hajakosea: miezi hii ndiyo yenye thamani. Ila ukuaji huohuo unaweza kuutumia bila helmeti, kwa kuhakikisha kichwa hakilaliwi palepale.

Uholanzi walifanya jaribio, likachapishwa 2014. Watoto 84 wa miezi mitano mpaka sita wenye vichwa vilivyolala, nusu wakavalishwa helmeti miezi sita, nusu hawakuvalishwa. Walipofika miaka miwili wakapimwa: vichwa vilikuwa vimerekebika karibu sawa makundi yote mawili. Waliopona kabisa kabisa walikuwa asilimia 25.6 wenye helmeti na 22.5 wasiokuwa nayo. Na wazazi wote wa kundi la helmeti walitaja usumbufu: ngozi, harufu, jasho, kushindwa kumkumbatia mtoto vizuri. Lakini nikuambie na upande wa pili, kwa haki: jaribio lile halikuchukua watoto wenye shingo iliyokaza wala njiti. Marekani mwongozo wa madaktari wa upasuaji wa ubongo wa 2016 bado unaikubali helmeti kwa mtoto ambaye ulalo ni wa kati au mkubwa na umebaki baada ya mazoezi na kubadilishwa mikao. Baada ya hayo, mama. Mwanao hajapewa hata wiki moja ya hayo.

Cha kufanya leo usiku: mgeuze kitandani, kichwa kiende miguuni, dirisha na feni viwe kushotoni kwake. Alale chali hivyohivyo. Najua wapo watakaokuambia umlaze kifudifudi usiku kucha ili kisogo kipumzike, usikubali. Marekani walianza kuhimiza watoto walale chali 1992, kampeni kubwa ikaja 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilishuka karibu nusu. Vichwa vya hivi vikaongezeka baada ya hapo, ndiyo, na ni gharama ndogo. Mto wenye shimo hapana pia, dada yangu mwenye mapacha unisamehe. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo 2022 dhidi ya mito ya kutengeneza kichwa, kwa sababu mtoto anaweza kukosa hewa.

Mchana akiwa macho, tumbo chini kwenye mkeka, mtu mzima mbele yake. Dakika tatu, dakika tano, mara nyingi, kila baada ya kubadilishwa nepi, mpaka kwa siku zifike kama saa nzima. Mgongoni mbeleko ni nzuri sana kwa sababu kisogo hakigusi kitu, ila shavu lisilalie upande uleule kila siku. Kunyoosha shingo sikuandikii hapa. Kunaoneshwa kwa mikono. Nenda kwenye hospitali yenye kitengo cha utengamao wa watoto, Muhimbili wapo, CCBRT Msasani wapo.

Na bibi aache kuminya. Mfupa hausogei kwa kuminywa, na utosi bado uko wazi. Ila usimwondoe bibi. Mpe kazi nyingine.

---

mama_tabata

Nimelia kusoma. Nimefungua picha za simu. Ya arobaini yake, ya Oktoba, ya ubatizo, zote kichwa kimeinama kushoto. Zote. Na mimi niliandika chini ya moja, "mtoto wa mama anavyodeka".

Fizio, hiyo kazi nyingine ya bibi ni ipi?

---

fizio_wa_watoto

Nani ana muda wa kulala kwenye mkeka na mtoto mara kumi kwa siku? Wewe uko Kariakoo, dada yuko jikoni. Mwambie bibi kwamba shingo ndiyo imekaza, kichwa kinafuata shingo, na hospitali wanamhitaji yeye. Nenda naye siku ya kwanza, aoneshwe mwenyewe.

---

mama_tabata (Februari 27)

Nilisema nitarudi. Tulikwenda Januari 14, mimi, mtoto na mamamkwe. Daktari wa watoto akapitisha vidole kwenye maungio yote ya fuvu, taratibu, akafumba macho kabisa, akasema yako wazi, hakuna tuta. Baba wa Kigamboni, Mungu akubariki, nililala usiku ule.

Mtaalamu wa mazoezi akampima kwa chombo kama bikari kubwa, kutoka paji upande mmoja mpaka kisogo upande wa pili: mshazari mmoja milimita 134, mwingine 123. Tofauti 11. Shingo ya kushoto ilikuwa imekaza kama alivyosema Fizio, kidevu kilikomea nusu ya njia. Akamwonesha mamamkwe jinsi ya kumshika, mkono mmoja begani, mwingine kichwani, na jinsi ya kusubiri bila kuvuta. Mamamkwe alisikiliza kama mwanafunzi. Njiani kwenye bajaji akaniambia, "Mwanangu, mbona hukuniambia kama naminya sana? Mimi mkono wangu ni mzito, nimezoea kukanda unga." Nilimshika mkono, sikuwa na la kusema.

Kumbe zile bangili ndizo dawa. Anaondoa mkeka sebuleni anautandika barazani kwenye upepo, anamlaza mtoto kwa tumbo, na yeye analala mbele yake, miaka 66. Anatikisa mkono kulia kwa mtoto kidogo, kisha anauhamisha polepole kushoto kwa mtoto, bangili zinalia, mtoto anaufuata. Mwanzoni alikuwa anafika katikati anaangusha uso chini na kulia. Sasa anafika mpaka mwisho, anabaki anazitazama. Alitakiwa kurudi Tanga mwisho wa Januari, bado yupo.

Juzi tumepimwa tena, tofauti ni milimita 7. Sikio bado liko mbele kidogo. Paji mimi naliona, wengine hawalioni. Mtaalamu amesema turudi baada ya mwezi, na kama itakuwa imesimama tutaongea mengine, hata helmeti, nami nitasikiliza.

Wifi tunamtumia picha kila Jumapili, kutoka juu, nywele zikiwa zimelowa. Ya mwisho aliikuza akaiweka pembeni ya ile ya Desemba, akaturudishia bila neno, ila ujumbe wa sauti tu, akilia kwa furaha.

Leo alfajiri, kabla ya kwenda kazini, nilikuwa na usingizi nikamweka ziwa la kulia bila kufikiri. Nikawa nasubiri ajipinde. Akanyonya, akanyonya, mkono wake juu ya kifua changu, mpaka adhana ikaisha, akalala palepale.